Vifungo vya Mkata Sponji

Asubuhi hiyo Redio, mshonaji aliyebatizwa hivyo na wenzake kwa umbea wake, hakungoja hata cherehani yake ipate moto. Aliinama upande wa pili wa meza, akafunika mdomo kwa kiganja, ingawa sauti yake ilikuwa ya kusikika mpaka getini.

"Shoga, umemwona Mkata Sponji? Leo tena ovaroli. Asubuhi ovaroli, jioni ovaroli. Juzi nimekutana naye sokoni, ovaroli! Yule mtu nguo zake ziko wapi?"

"Sijui," alisema Barafu.

"Wanaume wenzake wanasema kacheza kamari mpaka mashati. Wengine wanasema kuna mwanamke kamchomea kabati. Mimi nikasema hapana. Wa kumchomea kabati angekuwa nani, na yeye anaishi na paka?"

"Sijui."

"Hujui, hujui! Wewe siku hizi hata ukiulizwa jina lako unaomba muda wa kufikiri."

Barafu akavuta foronya ya godoro, akaipitisha chini ya sindano, akakanyaga pedali. Hakukasirika. Kukasirika kunataka kuni, na yeye kuni zake ziliisha siku alipomzika mumewe.

Jina la Barafu alipewa na wanawake wa cherehani pale pale kwenye kiwanda cha magodoro, na hawakumpa kwa ubaya. Mume aliugua siku chache, akaondoka kama mtu anayetoka kidogo kununua chumvi. Barafu alingoja machozi kama unavyongoja mgeni aliyeahidi kuja: ukafagia, ukatandika, ukakaa karibu na mlango. Mgeni hakuja. Mwishowe akaacha kungoja, akarudi kazini. Alikula, alilala, mishono yake ilinyooka kuliko zamani. Si kwamba aliumia. Angeumia ingekuwa nafuu. Alikuwa kama mguu ulioukalia vibaya. Upo, ni wako, lakini ukiugusa utadhani ni wa jirani.

Sasa, pale kiwandani palikuwa na sanduku. Meneja wa wafanyakazi, mwanamke wa viatu virefu na moyo mpana, ndiye aliyeliweka karibu na geti, likusanye vitu vya nyumba ya wazee kila mwisho wa mwezi. "Tujenge utamaduni wa kutoa," alisema siku ile. Watu wakapiga makofi, kisha wakajenga utamaduni wa kutupa. Sanduku la kwanza lilipofunguliwa kulikuwa na kiatu kimoja, birika lisilo na kitako, sidiria iliyokwisha kukata tamaa, na suruali ambayo mahali pa makalio palikuwa dirisha.

Barafu ndiye aliyepewa kazi ya kuchambua. Akainyanyua ile suruali juu, mbele ya watu wote, akauliza kwa sauti yake isiyo na jua wala mvua, "Ya nani hii?"

Kila mtu akamgeukia jirani yake.

"Mwenye nayo aje akae hapa. Nitaishona, na yeye atatazama ninavyoishona, mpaka aone kama anaweza kumpa mzazi wake aivae."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Mtunza stoo akatoka nyuma kichwa chini, akakaa kwenye kigoda, akaitazama suruali yake ikitiwa kiraka. Kabla kiraka hakijaisha alikwisha kukimbia nyumbani na kurudi na suruali nyingine, nzima, yenye mkunjo wa pasi.

Meneja akaligeuza jambo lile kuwa kanuni. Chenye tundu au kilichopungukiwa kifungo kinapita mezani kwa Barafu, na mwenyewe akae nacho mpaka kiishe kushonwa. Kizima kinaingia sandukuni moja kwa moja. Na aibu ni mwalimu asiyetumia fimbo. Haukupita muda, watu wakaanza kuleta vitu vya maana, vimefuliwa, vingine vina peremende mfukoni kwa ajili ya babu asiyejulikana. Meza ya Barafu ikakosa wateja.

Isipokuwa mmoja.

Mkata Sponji alikuwa mwanaume mrefu, mtu mzima, ambaye dada zake walikwisha kukata tamaa ya kumwoza. Kazi yake ilikuwa kupasua matofali makubwa ya sponji kwa kisu kirefu, na chembe za sponji zilimjaa nywele na nyusi, ukimwona utadhani ametoka ndani ya mto. Kila mwezi alileta shati lililopungukiwa kifungo. Mwezi mwingine vifungo viwili. Akakaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, akangoja.

"Nyumbani salama?"

"Salama."

"Mama mkwe hajambo?"

"Hajambo."

"Na wewe?"

Hapo Barafu alitafuta jibu kama mtu anayepekua droo. "Nipo."

"Nipo ni jibu la mwenye nyumba aliyefunga mlango."

"Basi nimefunga."

"Na mimi nabisha hodi."

Barafu alikata uzi kwa meno. "Shati lako tayari."

Mkata Sponji alikuwa akimtazama vile mtu anavyotazama moto wa jirani akiwa na baridi. Wanawake wote wa cherehani waliliona jicho hilo, hata yule mwenye miwani iliyopasuka. Barafu pekee hakuliona. Macho yake yalikuwa kwenye tundu la kifungo.

Mwezi huo, siku ya Alhamisi, Meneja alisimama mlangoni mwa karakana na kusema, "Jamani, msimu wa baridi umefika. Wazee wetu wanatetemeka kule. Kesho leteni kinachotia joto. Na tafadhali, msilete mlichokichoka. Leteni mtakachokikumbuka. Lori lao litakuja Jumatatu."

Barafu akakumbuka msumari.

*

Msumari ulikuwa sebuleni, na kwenye msumari lilitundikwa koti la marehemu, zito, la kahawia, lenye vifungo vikubwa kama macho ya ng'ombe. Mama mkwe alilipiga brashi kila siku na kulisalimia. Jioni hiyo pia alikuwa amesimama mbele yake, brashi mkononi, khanga imefungwa kiunoni kama mtu aliye kazini.

"Mama," alisema Barafu, "kiwandani wanataka nguo za baridi. Za wazee."

Brashi ikasimama. "Wazee gani?"

"Wale wa nyumba ya wazee."

"Na mimi ni nani, kigoli?"

"Mama, wewe una mablanketi mawili."

"Koti hili halitoki." Brashi ikaanza tena, kwa nguvu, mpaka bega la koti likapiga ukuta. "Unadhani sijui? Na mimi nilifiwa na mume nikiwa na umri kama wako. Kwanza hutoka koti. Halafu hutoka viatu. Halafu siku moja mwanamke anachana nywele vizuri kuliko jana. Halafu anatoka yeye mwenyewe."

"Niende wapi, mama?"

"Wewe hujui. Miguu ndiyo inayojua."

Barafu aliitazama miguu yake. Haikuwa na habari yoyote.

Mama mkwe akakaa kwenye kiti, brashi mapajani. Sauti yake ikashuka. "Nilimzaa mmoja tu. Alipoondoka akaniachia wewe na koti. Likitoka koti, nabaki na wewe. Ukitoka wewe, nabaki na msumari."

Maneno kama hayo yangemliza mtu yeyote. Barafu alijikagua ndani, akatafuta hata mahali pamoja panapouma, akakosa. Akamfunika bibi mabega kwa shuka.

"Basi, mama. Halitoki," alisema, kama mtu anayefunga dirisha.

*

Ijumaa sanduku lilijaa mapema. Masweta, soksi nene, blanketi la mtoto wa mtu aliyekwisha kuwa askari. Meneja mwenyewe alileta shali ya mama yake, akaiweka taratibu kama anaweka yai. Barafu alipokea, akakunja, akapanga. Mikono yake ilifanya kazi, yeye hakuwepo.

Mkata Sponji akaja wa mwisho, kengele ya kutoka ilipokaribia. Ovaroli. Mkononi ana shati jeupe la mistari myembamba ya bluu, lile ambalo Redio alisema alilivaa siku ya harusi ya mdogo wake, na akina dada wakageuza shingo kama bata.

"Hili si la baridi," alisema Barafu.

"Wazee nao wana siku zao za kupendeza. Kifungo cha katikati kimeanguka."

Akakaa kwenye kigoda. Barafu akatandaza shati mezani, akatia uzi kwenye sindano. Jua la jioni lilikuwa limepenya dirishani na kulala juu ya meza, na labda ni hilo jua, au labda ni ule weupe wa shati. Barafu akaona ncha za uzi pale kifungo kilipokuwa.

Uzi uliochakaa hukatika taratibu. Ncha zake hutoka manyoya, kama mkia wa paka mzee. Ncha hizi zilikuwa fupi, zimenyooka, safi kama sponji iliyopita kwenye kisu.

"Kifungo hiki kimeanguka lini?"

"Juzi. Au jana. Kilianguka tu, nikakisikia kinabingirika..."

"Kimekatwa."

Mkata Sponji akavuta kigoda nyuma kidogo.

"Na vile viwili vya lile shati la kijani? Na lile la mikono mifupi? Na lile la kola ya duara?"

Akajikuna kichwa. Chembe za sponji zikamwangukia begani. "Kisu changu ni kikali," alisema mwishowe.

Hapo jambo likatokea. Lilianzia kwenye vidole vya Barafu, likapanda mikononi, likafika shingoni, likawa moto masikioni. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Shati zuri! Unachukua shati zuri, zima, unalikata kwa kisu!"

"Ni langu..."

"Hata kama ni lako! Nani kakufundisha? Mimi nakaa hapa natoboka vidole, kumbe unakata mwenyewe! Ungetaka kukaa si ungekaa? Kigoda hiki kina kufuli?"

Cherehani zikazimika moja baada ya nyingine. Redio alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa zote asije akazimeza.

"Ningekaaje?" alisema Mkata Sponji kwa upole. "Mwenye shati zima anapita moja kwa moja sandukuni. Kanuni ni yako."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, akakifunika kwa foronya.

"Kwa hiyo umebaki na nini?" Barafu aliuliza. "Nguo gani unayo nyumbani?"

"Ovaroli hii. Na nyingine ya kubadilisha."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nakaa ndani na paka. Paka hajali."

"Mjinga wewe! Mtu mzima! Unaugua baridi kwa ajili ya kigoda!" Kisha akakoma, mdomo wazi, akaitazama mikono yake. Akasema polepole, kama mtu anayetangaza kwamba mvua imeanza, "Nimekasirika."

"Naona," alisema Mkata Sponji.

"Nimekasirika kweli."

"Pole."

"Usinipe pole!"

Akaokota kiti, akakaa. Redio akawaambia wenzake kwa ishara ya kichwa watoke, ingawa yeye mwenyewe aliondoka kinyumenyume, hatua ndogo ndogo, masikio yakiwa ya mwisho kutoka. Karakana ikabaki na harufu ya sponji na mafuta ya mashine. Barafu alihisi ule moto unashuka, na mahali ulipopita palikuwa panachomachoma. Hakupenda kuchoma huko.

"Hukutoa kwa ajili ya wazee," alisema.

"Hapana. Nimetoa kwa sababu mbaya. Lakini mzee aliyevaa shati hakuniuliza sababu." Akatabasamu kidogo. "Ila nikuambie kitu. Mwezi uliopita nilimsaidia dereva kupeleka mzigo. Nikamwona babu mmoja kavaa lile la kijani. Kajifunga vifungo vyote mpaka kooni, anavipapasa kimoja kimoja. Nikaona aibu, nikaenda kukaa ndani ya lori. Nilisema la leo ni la mwisho. Nikalileta la mwisho lililobaki."

Barafu akalisukuma shati kuelekea kwake. "Hili hutoi. Kutoa si kujivua mpaka ukabaki uchi ili watu wakutazame."

"Sikutaka watu. Nilitaka mmoja."

Mkata Sponji alimtazama kwa lile jicho lake, na safari hii Barafu aliliona. Halikumfurahisha wala kumtisha. Aliliona tu, kama unavyoona kwamba kumbe nyumba ya jirani ina mlango wa upande huu.

"Hapa ndani," alisema, akagusa kifua kwa sindano, "pamekufa ganzi. Sikudanganyi. Leo nimekasirika, lakini kesho sijui. Ukiniuliza swali lako, sina cha kukujibu."

"Mguu ukifa ganzi haukatwi. Mtu anangoja."

"Ukiamka unachoma."

"Basi tukae nao hivyo hivyo, ila usinikanyage."

Angekuwa mwanamke mwingine angecheka. Barafu alishusha macho tu, pembe moja ya mdomo ikasogea kidogo, ikarudi.

"Na nina mama mkwe," alisema. "Hana mtu mwingine. Siwezi kutoka pale, na sitaki."

"Nani kakuambia utoke?"

Hakuwa amelifikiria swali hilo. Akampa sindano. "Shona mwenyewe. Ndiyo adhabu yako."

Jamani, mtu yule hakujua kushona! Alishika sindano kama anashika nge. Alitoboa shati, akatoboa kidole, akashona kifungo pamoja na mfuko, mkono ukawa hauingii. Barafu alikaa naye mpaka mwisho, kama kanuni inavyotaka, akatazama. Kifungo kilipomalizika kilikuwa kimening'inia upande, kama mlevi mlangoni.

"Livae Jumapili," alisema Barafu. "Hivyo hivyo. Watu wakuone."

*

Alipofika nyumbani baada ya kufunga sanduku, jua lilikuwa bado halijazama, lakini habari zilikwisha kufika. Redio hupita njia ile ile, na redio haina siri. Kikombe chake cha chai kilikuwa bado kina mvuke mezani.

Msumari ulikuwa mtupu.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti, koti mapajani, uso mkavu kama wa hakimu. Barafu akasimama mlangoni, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Koti limekatika kifungo."

Barafu akasogea, akapiga magoti karibu na kiti. Mahali pa kifungo cha juu palikuwa na ncha mbili za uzi, fupi, zimenyooka, safi. Chini ya pindo la khanga ya mama mkwe palichungulia mpini wa mkasi.

"Mama. Uzi huu umekatwa."

"Macho yangu hayaoni vizuri. Siwezi kujua." Bibi akatazama ukutani. "Nasikia kwenu mwenye kitu anakaa nacho mpaka kiishe kushonwa."

"Ndiyo, mama."

"Na kikiisha kinakwenda."

"Kinakwenda. Lori linakuja Jumatatu."

Vidole vya bibi vikapapasa kola, vikaipapasa tena, mahali ambapo shingo ya mwanawe ilikuwa imeacha kivuli kisichotoka kwa brashi. Barafu alimtazama akifanya hivyo. Kule kuchomachoma kukarudi, safari hii chini ya mbavu, sindano nyingi ndogo ndogo, na kwa mara ya kwanza hakukukimbia. Akaweka mkono wake juu ya koti, karibu na mkono wa bibi. Kitambaa kilikuwa kinakwaruza. Alikuwa amesahau kwamba kinakwaruza.

"Basi nitakaa nalo," alisema mama mkwe. "Lakini sitakwenda kukaa kiwandani kwenye vumbi la sponji. Mwambie huyo mkata vifungo aje kushonea hapa. Jumapili. Akae pale, kwenye kile kiti cha mbele yangu, nimwone mikono yake. Na usinitazame hivyo, sijakubali kitu. Nimesema kifungo."

"Nimesikia, mama. Kifungo."

"Ana nguo ya kuvaa, au atanijia na ovaroli?"

"Analo shati moja."

"Linatosha. Mtu havai mawili."

Barafu alilitazama koti, akakitazama kile kiti cha mbele, kisha akasema ukweli, kwa kuwa bibi alistahili ukweli. "Lakini mama, yeye hajui kushona. Hajui hata kidogo. Kifungo kimoja kitamchukua siku nzima."

Mama mkwe akalivuta koti karibu na kifua, akalifunika na khanga.

"Afadhali," alisema. "Tutakaa naye sana."